Uzi: Kutoa harufu ya mtu kwenye nguo za kuwindia kwa vitu vya nyumbani (soda, siki, peroksaidi)

Mwana_Susquehanna (mwanzilishi wa uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Kule kwenye uzi wa nyama ya porini wengi mmeniuliza habari ya harufu, nikaona bora ipate uzi wake kuliko kumjibu mmoja mmoja.

Niko Pennsylvania, upande wa mto Susquehanna. Huku kuwinda si starehe ya matajiri kama wale mnaowaona wakishuka na vindege vyao kwenye vitalu vya Selous. Fundi bomba anawinda, mwalimu anawinda, bibi mwenye wajukuu anawinda. Unasoma kozi ya usalama, unakata leseni ya jimbo, unaingia msitu wa umma. Mnyama mwenyewe ni kulungu wa mkia mweupe. Masikio yake mazuri, ila pua ndiyo balaa. Ukiwinda kwa upinde unamtaka afike ndani ya mita 25 hivi. Upepo ukimfikishia jasho lako kabla ya hapo, ndiyo basi tena.

Madukani kuna sabuni na dawa za kupulizia za wawindaji, na bei zake zinachoma. Kazi ya kile kichupa, kwa sehemu kubwa, inafanywa na vitu vilivyoko jikoni na kwenye kabati lako la dawa.

Kwanza tuelewane harufu inatoka wapi. Jasho bichi halinuki sana. Wanaonukisha ni bakteria wa kwapani na miguuni: wanakula kilichomo kwenye jasho na mafuta ya ngozi, halafu wanaacha asidi nyepesi zinazoruka hewani, na vitu vya jamii ya salfa ambavyo hata chembe yake pua inainasa. Kwa hiyo kazi ni mbili. Utoe mafuta na jasho kwenye uzi wa nguo, halafu uzigeuze hizo asidi na salfa ziwe kitu kisichoruka hewani. Ya kwanza ni ya sabuni. Ya pili ni ya bikaboneti na peroksaidi.

Mimi naanza na mashine yenyewe. Ule mpira wa mlangoni unatunza manukato ya nguo zote zilizopita, kwa hiyo naizungusha tupu kwa maji ya moto na kikombe cha siki nyeupe. Ikiisha ndipo nguo zinaingia, na nusu kikombe cha bikaboneti na sabuni ya maji kidogo, ile isiyo na harufu wala rangi. Nasuuza mara mbili. Mashine ya kukaushia siigusi, maana vile vikaratasi vya kulainishia nguo vimeacha harufu yao mle ndani tangu enzi za Nuhu. Nguo zinaanikwa nje, mbali na bomba la moshi wa jirani. Zikikauka zinaingia kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko, pamoja na majani makavu niliyookota kule kule nitakakokaa. Nazivaa nikishafika ukingoni mwa msitu. Ukiendesha gari umezivaa, ukapita kituo cha mafuta na kununua kahawa, kufua kwako kote bure.

Ya kupulizia: vikombe 2 vya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 (ile chupa ya rangi ya kahawia ya kusafishia vidonda), vikombe 2 vya maji yaliyokenekwa, robo kikombe cha bikaboneti, na vijiko viwili vya chakula vya shampuu isiyo na harufu. Changanya kwenye ndoo au chombo kipana, usifunike kwa kubana. Iache siku mbili tatu itoe gesi, ndipo utie kwenye chupa ya kupulizia. Ukiikaza mfuniko ikiwa bado mbichi itakupasukia.

Karibuni.

---

Kijukuu_Cha_Pangani

Mkuu uzi mzuri. Hiyo bikaboneti ndiyo hamira? Na maji yaliyokenekwa ndiyo maji ya betri?

---

Mwana_Susquehanna

Hamira hapana, hiyo ni chachu ya kuumulia maandazi. Nazungumzia soda ya kuokea, sodiamu bikaboneti tupu. Wala usichukue ile poda ya keki, ina asidi na wanga ndani yake, nguo zako zitatoka na uji.

Maji ya betri ndiyo, kama unamaanisha yale maji safi ya kujazia. Asidi ya betri usiiguse, utabaki na vifungo tu.

---

Mkemia_Mtaani

Mwanzilishi amefundisha vizuri, naongeza kidogo maana humu kuna watu wataenda kuchanganya kila kitu kwenye beseni moja.

Bikaboneti inakamata asidi. Ile asidi inayonukisha soksi ikikutana nayo inakuwa chumvi, na chumvi hairuki hewani, kwa hiyo pua haiipati. Siki yenyewe ni asidi, kwa hiyo inashughulika na upande mwingine: harufu za jamii ya amonia, za mkojo na samaki. Sasa mtu anamimina siki na soda pamoja, anaona povu, anafurahi kwamba dawa inachemka. Ndugu yangu, hapo vimeshikana vyenyewe kwa vyenyewe, umebaki na maji ya chumvi. Tumia kimoja, suuza, halafu kingine ukitaka.

Peroksaidi ndiyo inayoziweza salfa. Wamarekani wana mnyama wao, skunk, ndugu wa mbali wa kicheche, akikurushia maji yake yanayonuka hutakiwi ndani wiki nzima. Mwaka 1993 mkemia mmoja, Paul Krebaum, alitoa dawa ya kumwoshea mbwa aliyepigwa na huyo mnyama: peroksaidi ya asilimia 3, bikaboneti na sabuni kidogo. Ukiangalia, mchanganyiko wa mwanzilishi ni mtoto wa hiyo dawa. Tofauti ni kwamba ya Krebaum hutumika papo hapo na inayobaki humwagwa. Hii ya kuweka siku kadhaa inapoteza nguvu kila siku, kwa sababu bikaboneti inaharakisha peroksaidi kuvunjika iwe maji na oksijeni. Ningekuwa mimi ningechanganya kidogo kidogo, ya kesho.

Na JIKI WEKENI MBALI. Jiki na siki inatoa gesi ya klorini. Jiki na amonia nayo inatoa gesi ya sumu. Watu wanaingia hospitali kila mwaka kwa kusafisha vyoo namna hiyo. Halafu hata ikitumika peke yake inaacha harufu yake, ambayo kulungu hajawahi kukutana nayo msituni.

---

Mama_Udi_Minneapolis

Nimecheka mpaka mwanangu ananiuliza kuna nini. Mume wangu anawinda na wenzie wa kazini. Mimi Mtanga, nyumba yangu bila udi siku ya Alhamisi sioni kama ni nyumba. Nimetia makaa kwenye chetezo, nimefukiza sebule, vyumba, makabati, nimemaliza nimekaa. Bwana anarudi kazini anafungua kabati lake, nikamsikia anaita jina langu lote pamoja na la baba yangu.

Tumeelewana sasa. Nguo zake zinalala gereji ndani ya kontena na mimi gereji siendi na chetezo. Lakini swali langu kwa wataalamu: akirudi nyumbani kula pilau usiku, asubuhi akienda msituni si anaondoka na kitunguu saumu mwilini?

---

Mkemia_Mtaani

Anaondoka nacho shangazi, pole. Kitunguu saumu kina salfa inayoingia kwenye damu na kutokea kwenye pumzi, inaweza kuwepo mpaka kesho yake. Hiyo hakuna sabuni inayoifikia. Mpe wali na maharage ya nazi usiku wa kuamkia safari, pilau aikute akirudi.

---

Nzi_wa_Kijani

Kwani Walmart hakuna nyama? Mtu mzima anafua nguo na dawa ya vidonda ili akakae juu ya mti kwenye baridi 🤣🤣

---

Mwana_Susquehanna

@Nzi_wa_Kijani kulungu mmoja akishachunwa anajaza friza kwa miezi. Wewe endelea na foleni.

---

Mukwetu_wa_Bukavu

Bandugu, miye niko Kentucky. Sisi huku tunafulaka na siki tu, kisha tunatundika nguo inje usiku mzima kwa baridi. Inatosha. Ila nina swali moja: nguo yangu ya ndani ni ya poliesta, naifula kila mara, ikipata joto ya mwili harufu inarudia. Ni juu ya nini?

---

Mkemia_Mtaani

Poliesta inapenda mafuta. Jasho lenyewe haiinywi, ila mafuta ya ngozi yanaganda kwenye uzi wake, bakteria wanapata karamu. Pamba inakunywa maji na harufu inaishikilia ndani ya uzi wake, kwa hiyo baada ya kufua haitoi sana. Shida ni kwamba pamba ikilowa jasho haikupi joto, na Novemba ya Kentucky au Pennsylvania ukikaa saa nne na fulana mbichi unaweza kupata shida kubwa kuliko kukosa kulungu.

Njia ya katikati ni sufu. Inakupa joto hata ikiwa na unyevu na inachelewa kunuka. Ila sufu haipendi alikali, hasa kwenye maji ya moto. Ukiifua, maji ya uvuguvugu na sabuni laini, soda iache. Hiyo poliesta yako iloweke saa kadhaa kwenye maji ya vuguvugu yenye bikaboneti na sabuni, ndipo uifue. Kuipitisha juu juu hakusaidii.

---

Gachungwa_Nakuru

Huku kwetu tuna magadi kibao, yanatoka ziwani kabisa, bei ya bure. Siwezi tumia hayo badala ya soda ya kuokea? Anyway ni kuuliza tu, kwetu uwindaji ulipigwa marufuku 1977, mimi nataka ya viatu na nguo za kuchezea mpira 😂

---

Mkemia_Mtaani

Yanaweza, lakini ujue unashika nini. Magadi ya ziwani ni mchanganyiko wa kaboneti na bikaboneti, alikali yake kali kuliko soda ya kuokea. Kwa kulowekea soksi na jezi yanafanya kazi tena vizuri sana. Ila yanakausha mikono, na yale mabichi yana udongo na rangi, utapaka jezi nyeupe madoa. Sufu na hariri usithubutu.

---

Babu_wa_Rungwa

Vijana shikamooni kinyume, maana naona humu wakubwa tuko wachache.

Mimi nimefanya kazi ya kufuata nyayo kwenye vitalu vya uwindaji, Rungwa na kwingineko, nikiwa na nguvu zangu. Nimetembea na wageni waliokuja na masanduku ya sabuni zisizonuka. Msoma nyayo hafui nguo kwa soda. Yeye ana kisoksi kidogo cha majivu laini, amekifunga mdomo. Kila baada ya hatua kadhaa anakitikisa, majivu yanatoka, anatazama yanaelekea wapi. Yakielekea kwa mbogo, tunazunguka hata kama ni saa nzima ya jua. Mbogo hajali umeoga na nini. Akipata upepo wako anajua ni mtu, basi.

Mnajidanganya na chupa. Mtu anapumua. Ngozi inapukutika maelfu ya chembe kila dakika, hata akiwa amesimama. Nguo utaifua, pumzi utaifua na nini?

---

Mwana_Susquehanna

Babu marahaba... samahani, shikamoo Babu 😅 Heshima yako.

Hoja yako naikubali kwa asilimia kubwa. Lakini kuna tofauti ya kazi. Ninyi mnanyatia: mnatembea, mnachagua upande, upepo ukibadilika mnahama. Sisi huku wengi tunavizia. Unapanda kwenye kiti kilichofungwa mtini kabla ya mapambazuko, unakaa hapo hapo kwa muda wa saa nne, tano. Upepo wa saa kumi na mbili asubuhi si wa saa nne. Na hii ni nchi ya milima: jua likipasha mteremko hewa inapanda, jioni ikipoa inateremka bondeni na harufu yako yote ndani yake. Hata ukichagua mti vizuri kuna dakika zitakusaliti. Mimi nafua kwa ajili ya hizo dakika. Kulungu akipata harufu hafifu anaweza kusimama, akanusa, akasita. Akipata kwapa la wiki anaruka hapo hapo. Hivyo ndivyo ninavyoona mimi.

Kisoksi cha majivu nimekiiba, kuanzia msimu huu ninacho.

---

Ole_wa_Kimana

Babu anasema kweli, na kuna watu walipima kabisa. Kwetu Amboseli watafiti (Lucy Bates na wenzake, walichapisha 2007) walichukua vitambaa vyekundu. Kimoja kikavaliwa siku 5 na mwanamume Mmaasai, kingine siku 5 na Mkamba, kingine safi hakijavaliwa. Wakaviweka mahali tembo watavinusa. Kile cha Mmaasai tembo walikimbia mbali zaidi na kwa kasi zaidi, na walichukua muda mrefu kutulia. Sababu inajulikana, morani wamewapiga mikuki tembo miaka mingi. Mkamba ni mkulima, hana ugomvi huo.

Sasa fikiria: mnyama anatofautisha kabila kwa nguo, wewe unataka soda ya keki ikufiche.

---

Mkamba_Original

Kumbe tembo wanatupenda 😂😂 Lakini angalia hiyo habari upande wa pili mzee. Kile kitambaa safi hakikuwashtua kama kile cha Mmaasai. Maana yake nguo yenyewe inabeba ujumbe, na nguo isiyo na jasho inasema maneno machache. Hiyo ndiyo hoja ya mwanzilishi wa uzi.

---

Ole_wa_Kimana

Kitambaa safi hakikuwa na mtu ndani yake, Mkamba.

---

Mkamba_Original

Haya hiyo nimeinyamazia.

---

Mkemia_Mtaani

Ole ameshika penyewe. Kuna jaribio jingine la Marekani la mwaka 2002, la John Shivik, mtafiti wa wanyamapori. Aliwavalisha watu suti za mkaa zile zinazouzwa kwamba zinameza harufu, akaleta mbwa wa kutafuta watu. Mbwa waliwapata karibu wote. Upepo na hali ya hewa vilikuwa na maana kuliko suti.

Na kwa wale wanaotaka kununua hizo suti zilizotumika: unaambiwa uziweke kwenye mashine ya kukaushia ili mkaa "ujichaji" upya. Mkaa unahitaji joto la nyuzi mamia kadhaa ili uachie kila ulichokamata. Mashine ya nyumbani haifiki huko, na ingefika ungechoma nyumba.

Kwa hiyo kwa msimamo wangu: fua kwa soda kwa sababu ni rahisi na haina hasara. Fedha uliyookoa usiitumie kununua miujiza mingine.

---

Jicho_Kali

Wote mnazungumza pua, hakuna aliyegusa macho, wakati hapa ndipo sabuni inapowaumiza watu wengi.

Sabuni nyingi za unga zina kemikali za kung'arisha, ndizo zinazofanya shati jeupe lionekane na weupe wa kibluu juani. Zinachukua mwanga wa urujuanimno tusiouona, zinautoa kama bluu. Jicho letu lina kichujio cha huo mwanga, kulungu hana kama chetu. Watafiti waliopima macho ya kulungu Georgia miaka ya 1990 walikuta anaona vizuri upande wa bluu, na upande wa nyekundu na rangi ya chungwa ni dhaifu sana. Kwa hiyo suti yako ya madoadoa ya majani ukiifua na sabuni ya kung'arisha, alfajiri kwenye mwanga hafifu unamwonyesha kitu kinachong'aa katikati ya miti. Harufu umetoa, taa umewasha.

Namna ya kujua: ingia chumba cha giza na ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia. Nguo ikiwaka bluu, ina hizo kemikali.

---

Mwana_Susquehanna

@Jicho_Kali asante sana, hii inastahili kuwekwa juu kabisa. Ndiyo maana pale mwanzo nilisema sabuni isiyo na harufu wala rangi, lakini ni kweli kuna zisizo na harufu ambazo bado zina king'arishi. Someni nyuma ya chupa.

Nyongeza ndogo kwa walioko Pennsylvania: kuna watu wanapaka mkojo wa kulungu wa dukani juu ya nguo ili kufunika harufu yao. Kwenye maeneo yaliyotengwa kwa sababu ya ule ugonjwa wa ubongo wa kulungu (jimboni tangu 2012) ni marufuku kutumia mkojo huo. Angalia ramani kwanza.

---

Kijukuu_Cha_Pangani

Na moshi je? Babu yangu kabla ya kwenda kutega alikuwa anasimama kwenye moshi wa kuni kavu mpaka macho yanatoka machozi.

---

Babu_wa_Rungwa

Moshi ni mzuri mahali ambapo moshi ni wa kawaida. Porini kwetu miezi ya kiangazi nyasi zinaungua kila upande, mnyama amezoea. Ukienda na moshi mahali hakuna moto, umejitangaza. Na wewe kijana ukiwa Tanzania, kabla ya kuuliza moshi uliza kibali. Kuwinda bila leseni ni jela, sheria ya 2009 haina mchezo.

---

Kijukuu_Cha_Pangani

Babu niko Ohio mimi 😂 Leseni ninayo. Swali la mwisho basi: kizibao cha rangi ya chungwa cha lazima nacho nikipulizie peroksaidi? Kinanuka vibaya sana, nilikiazima kwa mtu.

---

Mwana_Susquehanna

Usikipulizie. Peroksaidi inaweza kukipausha, na jiki ndiyo kabisa. Hiyo rangi ni ya wawindaji wenzako, si ya kulungu. Huku kwangu msimu wa bunduki sheria inataka inchi za mraba 250 za chungwa kali kichwani, kifuani na mgongoni, zionekane pande zote, na mwenye bunduki upande wa pili wa bonde hajui kama umefua au hujafua. Loweka kwenye maji ya baridi na bikaboneti usiku mzima, kifikiche kwa mkono, kianike kivulini maana jua nalo linaifubaza. Kikiwa kimeshapauka, mrudishie mwenyewe ununue chako, ni dola chache.